Nyuzi za Kitanzi Hazionekani: Namna ya Kukitafuta kwa Ultrasaundi na Eksirei

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu na wapigaji picha wanaoanza kazi katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za Tanga, kwa kuwa maswali ya wanaoanza ni yale yale kila mwaka. Mteja amekuja kuangaliwa kitanzi, yaani kifaa kidogo cha uzazi wa mpango kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, na nyuzi zake zinazoning'inia kwenye mlango wa kizazi hazionekani, nianze na picha gani? Nimetafuta kwa ultrasaundi sikukiona, niandike kwamba kimetoka? Jibu la swali la pili ni hapana, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ni ufafanuzi wa hapana hiyo. Ultrasaundi inaweza kuthibitisha kwamba kitanzi kimo ndani ya mfuko wa uzazi. Haiwezi peke yake kuthibitisha kwamba kimetoka mwilini. Anayeandika "kimetoka" bila eksirei huenda akamwacha mteja na kitanzi katikati ya matumbo, kisha mwenzake wa kituo kingine, kwa kuiamini karatasi hiyo, akamwekea cha pili.

Kabla ya kugusa mashine, jiulize kama picha inahitajika. Mteja ambaye nyuzi zinaonekana kwenye mlango wa kizazi kwa urefu ule ule ulioandikwa siku ya kuwekewa, asiye na maumivu makali wala damu isiyo ya kawaida, hahitaji kupigwa picha yoyote. Uchunguzi wa marudio wa wiki ya 3 hadi ya 6, kwa mahojiano na spekulamu (kifaa cha kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane), unamtosha. Picha inahitajika pale nyuzi zinapokosekana, zinaporefuka au kufupika ghafla, mteja anapoumwa na tumbo la chini au kutoka damu kwa namna asiyoizoea, kipimo cha mimba kinapokuwa chanya, au ncha ngumu ya plastiki inapoonekana ikichungulia mlangoni.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kadi ya uzazi wa mpango ya mteja, yenye tarehe ya kuwekewa, aina ya kitanzi na urefu wa nyuzi zilizoachwa. Kadi ikiwa imepotea, tafuta rejista ya kituo alikowekewa.
- Kipimo cha mimba cha mkojo ambacho muda wake wa matumizi haujapita.
- Spekulamu safi, taa nzuri, glovu, na brashi laini ya kuchukulia chembe za mlango wa kizazi.
- Mashine ya ultrasaundi yenye probu (kichwa cha mashine kinachogusa mwili) ya tumbo ya megahezi 2 hadi 5 na, ikiwezekana, probu ya uke ya megahezi 5 hadi 9, pamoja na jeli na kondomu za kuifunikia.
- Pazia au skrini, kanga ya kumfunika, na mfanyakazi mwenzako wa kike wa kuwapo chumbani.
- Kondomu za kumpa mteja aondoke nazo. Watu husahau hizi kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii.

Faragha ni sehemu ya vifaa. Kwetu mteja mara nyingi husindikizwa na wifi au mavyaa, na si kila msindikizaji anajua kwamba kuna kitanzi. Maswali yote yaulizwe mkiwa peke yenu chumbani, na jina la kipimo lisitangazwe kwenye benchi la kusubiria.

Machache ya kujua kuhusu kitanzi chenyewe

Kitanzi kinachoonekana zaidi katika vituo vyetu ni kile cha shaba chenye umbo la herufi T, aina ya 380A, yaani chenye milimita za mraba 380 za shaba. Kina urefu wa milimita 36 na upana wa milimita 32. Shaba imezungushwa kama waya kwenye shina, na kila mkono una kikuku kidogo cha shaba. Plastiki yake imechanganywa na bariamu salfeti ili ionekane kwenye eksirei. Kitanzi cha homoni nacho kina umbo la T, lakini badala ya shaba shina lake limebeba levonojestreli. Nacho kina bariamu, kwa hiyo eksirei inakiona vilevile. Tofauti hujitokeza kwenye ultrasaundi: shina la shaba hung'aa kwa urefu wake wote, ilhali lile la homoni hung'aa zaidi kwenye ncha mbili, na katikati huonekana kivuli chake tu. Anayezoea cha shaba pekee hukipita cha homoni bila kukiona.

Hatua za kufuata

1. Hoji kwanza. Uliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini na ilikuwaje. Uliza iwapo aliona kitu kikitoka kwenye pedi au chooni, kwani kitanzi kikitoka chenyewe hutoka zaidi katika mwaka wa kwanza, hasa miezi 3 ya mwanzo, na mara nyingi wakati wa hedhi. Uliza pia kilivyowekwa: baada ya hedhi, ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, au wakati wa upasuaji wa kujifungua? Aliyewekewa mara baada ya kujifungua yuko katika hatari zaidi ya kitanzi kutoka, na kwa aliyejifungua kwa upasuaji ni jambo la kawaida nyuzi kubaki zimejikunja ndani bila kuteremka mlangoni. Aliyewekewa akiwa ananyonyesha au katika miezi ya mwanzo baada ya uzazi yuko katika hatari zaidi ya kitanzi kutoboa ukuta, ingawa jambo hilo ni nadra, takriban mara 1 katika kila uwekaji 1,000.

Kama mteja ni mtu mzima aliyekwisha kukoma hedhi, mpe shikamoo yake na umuulize kwa subira aliwekewa wapi na mwaka gani. Vitanzi vya zamani vya plastiki tupu vilivyopindapinda, vilivyoanza kutumika miaka ya 1960, havina umbo la T kabisa, na usipojua hilo utakuwa unatafuta kitu ambacho hakimo.

2. Pima mimba. Hatua hii haina mjadala, wala hairukwi kwa sababu mteja amesema ana uhakika. Kipimo kikiwa hasi ilhali amekutana na mumewe siku za karibuni bila kinga nyingine, mpe kondomu na umpangie kurudia kipimo baada ya wiki 2 hadi 3. Kikiwa chanya, eksirei imeondoka katika mpango wako. Nenda moja kwa moja kwenye ultrasaundi na usome hatua ya 7.

3. Tazama kwa spekulamu. Nyuzi nyingi zinazodaiwa kupotea zimejificha ndani kidogo ya mfereji wa mlango wa kizazi, au zimegandamana na ute pembeni. Futa ute taratibu. Kama kipimo cha mimba ni hasi, ingiza brashi laini kwenye mfereji na uizungushe polepole huku ukiivuta nje. Mara kadhaa nyuzi hutoka nayo, na kazi yote ya picha ikawa haina haja tena. Usiingize koleo ndani ya mfuko wa uzazi kukisaka kitanzi kwa kubahatisha.

4. Andaa mteja kwa ultrasaundi. Kwa probu ya tumbo kibofu kinapaswa kujaa kiasi: anywe takriban lita moja ya maji saa moja kabla, asiende haja ndogo. Kibofu kilichofurika nacho hukandamiza mfuko wa uzazi na kuupotosha, kwa hiyo akiwa anahangaika kwa kubanwa, mruhusu apunguze kidogo. Kwa probu ya uke kibofu kinatakiwa kiwe tupu.

Mwezi wa Ramadhani mpango huu wa maji hauwezekani kwa aliyefunga. Kama hali yake si ya dharura, mpangie siku nyingine au aje baada ya kufuturu panapokuwa na zamu ya jioni. Probu ya uke inaweza kukuondolea tatizo la maji, lakini wapo wanaoona kwamba kipimo hicho kinabatilisha funga, na si kazi ya mpiga picha kuwatolea fatwa. Mweleze njia zote mbili, naye achague. Kwa maumivu makali, kuzirai au kutoka damu nyingi, usisubiri siku nyingine.

5. Tafuta kwa mkato wa urefu. Weka probu juu kidogo ya mfupa wa kinena, ikielekea juu na chini, na uutambue kwanza mfuko wa uzazi wenyewe kabla ya kutafuta kitanzi. Fuata mstari wa tabaka la ndani kutoka paa la mfuko hadi mlango wa kizazi, mpaka uone vyote viwili katika picha moja. Shina la kitanzi linapaswa kuonekana kama mstari mnyoofu unaong'aa katikati ya uwazi, ukiwa na kivuli nyuma yake.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu tatu. Kwanza, hupandisha mwanga wa picha kupita kiasi. Tabaka la ndani katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi hung'aa lenyewe, na mwanga ukizidi, kitanzi na tabaka huwa weupe mmoja. Punguza geini, yaani mwanga huo wa picha, mpaka tabaka lififie, na kitanzi kitabaki peke yake kikiwaka. Pili, huacha probu katika pembe moja. Mawimbi yakilipiga shina kwa ulalo, mwangwi haurudi kwako. Inamisha probu polepole hadi mawimbi yalipige shina kwa pembe mraba. Tatu, huona chochote kinachong'aa wakashangilia. Hewa iliyomo ndani ya uwazi, chokaa iliyojengeka kwenye uvimbe wa faibroidi na kovu la upasuaji hung'aa pia. Kitanzi ni mnyoofu, kina urefu unaojulikana, na kina kivuli. Kipime: kama "shina" lako lina milimita 12, hicho si kitanzi, au umekikata kwa ulalo na hujakiona chote.

6. Geuza probu upate mkato wa kukingama. Anzia kwenye paa la mfuko uteremke polepole. Juu utaona mikono kama mstari wa kukingama unaong'aa. Ukishuka, shina litaonekana kama nukta moja katikati. Nukta ikiwa inasogea kuelekea ukuta mmoja kadiri unavyoshuka, kitanzi kimelala upande au ncha yake imeingia kwenye misuli. Mashine yenye picha za pande tatu huonyesha mikono vizuri zaidi kuliko njia yoyote nyingine, lakini usiache mkato huu kwa sababu huna mashine hiyo.

Chukua vipimo viwili: umbali kati ya ncha ya juu ya kitanzi na mwisho wa uwazi kwenye paa, na mahali ilipo ncha ya chini ikilinganishwa na tundu la ndani la mlango wa kizazi. Kitanzi kilichokaa vizuri kina mikono kwenye paa na kimo chote juu ya tundu hilo. Ncha ya chini ikiwa imeingia kwenye mfereji wa mlango, kimeanza kutoka, na mteja anahitaji kukiondoa na kuwekewa kingine au njia nyingine.

Angalizo: kitanzi kilichoshuka milimita chache tu, kikiwa bado juu ya mlango na mteja hana malalamiko, hakihitaji kung'olewa siku hiyo hiyo. Huu ni ugonjwa wa wanaoanza: wameona umbali kwenye kioo, wameandika "hakipo mahali pake", mteja ameingiwa na hofu, kitanzi kimetolewa, njia nyingine hakupewa, na baada ya miezi michache anarudi kliniki ya wajawazito. Andika ulichokiona na vipimo vyake, kisha uamuzi ufanywe na mtoa huduma akizungumza na mteja.

7. Kama kuna mimba. Swali la kwanza ni mimba iko wapi, na kitanzi kitafuata. Kitanzi hupunguza sana uwezekano wa kupata mimba ya aina yoyote, lakini mimba ikishatokea kikiwemo, sehemu kubwa kuliko kawaida ya mimba hizo huwa nje ya mfuko wa uzazi. Kipimo chanya na mfuko wa uzazi usio na mimba ndani yake, pamoja na maumivu, kizunguzungu au majimaji nyuma ya mfuko wa uzazi, ni dharura ya kupelekwa kwenye upasuaji mara moja. Mimba ikiwa ndani na nyuzi zinaonekana au zinafikika, kitanzi hutolewa mapema na mtaalamu, baada ya mteja kuelezwa hatari za kukiacha na za kukitoa. Nyuzi zisipofikika, hakichokonolewi. Mimba hufuatiliwa kwa karibu.

8. Usipokiona ndani, piga eksirei. Andika kwanza: "Kitanzi hakikuonekana ndani ya mfuko wa uzazi." Usiongeze neno. Kisha, kipimo cha mimba kikiwa hasi, agiza eksirei ya tumbo na nyonga, mteja akiwa amelala chali. Picha ianzie kwenye kiwambo cha kupumulia na iishie chini ya mfupa wa kinena. Picha ya nyonga peke yake haitoshi, kwa sababu kitanzi kilichotoboa ukuta kinaweza kupanda hadi karibu na ini.

Isome kwa utaratibu, kutoka juu hadi chini. Kitanzi huonekana cheupe, lakini si lazima kionekane kama T: kikitazamwa kwa ubavu huwa mstari mmoja, na mfuko wa uzazi ulioinama mbele hufupisha shina. Usisimame baada ya kukiona kimoja. Maliza filamu yote, maana mteja aliyewekewa mara mbili anaweza kuwa na viwili.

9. Unganisha majibu mawili. Ultrasaundi haikukiona na eksirei ya tumbo zima haikukiona: sasa ndiyo unaweza kuandika kwamba kimetoka, na mteja aanze njia nyingine leo. Ultrasaundi haikukiona ndani lakini eksirei imekionyesha: kimo nje ya mfuko wa uzazi, au ultrasaundi yako ilikosea. Rudia ultrasaundi kwa mtu mwenye uzoefu zaidi, ikiwezekana kwa probu ya uke, kabla mteja hajaambiwa habari za upasuaji. Eksirei hukuambia kwamba kitanzi kimo mwilini. Haikuambii kama kimo ndani ya mfuko wa uzazi, hata kikionekana katikati kabisa ya nyonga.

Ikithibitika kiko nje, mpe rufaa kwenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Kwa vituo vingi vya mkoa huu hiyo ina maana ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Cha shaba huamsha makovu yanayogandisha matumbo, kwa hiyo hupangiwa kutolewa hata kama mteja hana maumivu. Sitiskani (picha za mkato za eksirei zinazoundwa na kompyuta) husaidia daktari kujua kimegusa utumbo au kibofu, lakini aiagize yeye.

10. Andika ripoti na uzungumze na mteja. Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini maelezo ya mdomo yawe kwa Kiswahili, na mteja akuonyeshe kwa maneno yake kwamba ameelewa. Ripoti iwe na mambo haya: mfuko wa uzazi umelala vipi, kitanzi kimeonekana au hakikuonekana, kiko wapi, vipimo viwili vya hatua ya 6, hali ya vifuko vya mayai, na kama kuna majimaji. Safari kutoka Pangani au Maramba ni ndefu kwa mtu kurudishwa kwa sababu ripoti ina mstari mmoja usemao "kitanzi kipo".

Mambo yanapokwama

*Mfuko wa uzazi wote hauonekani.* Kibofu hakijajaa, au umelala nyuma. Subiri nusu saa na maji zaidi, au tumia probu ya uke mteja akikubali. Mfuko ulioinama nyuma huitupa paa yake mbali na probu ya tumbo, na kitanzi kilichomo humo ni rahisi kukikosa.

*Faibroidi zimejaa na kila mahali ni kivuli.* Usilazimishe jibu. Andika kwamba uchunguzi haukukamilika kwa sababu ya vivuli, na uende kwenye eksirei.

*Shina linaonekana, mikono haionekani.* Huenda kimezunguka, au mkono umezama kwenye misuli. Rudia mkato wa kukingama kwenye pembe mbili za paa. Ukishindwa, taja hivyo. Kwa mteja mwenye maumivu hiyo ni sababu ya rufaa.

*Mteja anasema alikiona kimetoka.* Kama amekuja nacho na ni kizima, eksirei haina kazi. Kama alikiona chooni na hakukichukua, fuata hatua zote. Kama amekuja na kipande, kitafute kilichobaki.

*Mteja anahofia kipimo cha MRI (picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku) alichoandikiwa kwa ugonjwa mwingine.* Shaba haivutwi na sumaku, na kwa mashine za kawaida za tesla 1.5 na 3 kitanzi cha T cha shaba hakimzuii, mradi mpimaji aambiwe mapema. Pete za chuma za zamani, ambazo huonekana kwa baadhi ya waliowekewa China, ni suala jingine. Hizo zionyeshwe kwa eksirei kwanza.

*Probu ya uke imeharibika muda mfupi baada ya kununuliwa.* Mara nyingi imezamishwa hadi kwenye waya, au imelowekwa kwenye klorini kali usiku kucha. Baada ya kila mteja, toa kondomu, futa jeli yote, osha, kisha tumia dawa iliyotajwa na mtengenezaji kwa muda aliousema, ukizamisha sehemu iliyoruhusiwa tu. Kondomu ya kufunikia haiondoi haja ya dawa hiyo, kwa kuwa hupasuka bila kuonekana.